Pikipiki na Majira ya Kipupwe: Shauri kwa Wanachama

(Hotuba ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa Wanachama, mwezi Mei)



Katika sikukuu hii ya miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, wenzangu wamekwisha kusema habari za hisa, za bei na za ghala jipya. Mimi nimepewa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo halimo katika taarifa ya fedha, ingawa fedha zetu zote hupita juu yake. Nataka kusema habari za pikipiki, na habari za baridi inayotujia.

Wazee wanakumbuka jinsi maziwa yalivyochukuliwa kwa kichwa, kisha kwa baiskeli. Leo, katika vilima vyetu hivi vya Njombe, pikipiki ndiyo miguu ya ushirika. Hufika mahali ambapo gari haliwezi kufika, huvuka daraja la miti, hupanda mlima wenye utelezi, na humfikia mwanachama aliye mwisho kabisa wa kijiji. Tangu mwaka 2010, Serikali ilipoweka kanuni za leseni kwa pikipiki za kukodi, kazi hii imekuwa kazi halali kama kazi nyingine yoyote. Basi kazi halali ina haki ya kupangwa vizuri.

Sote tunayajua majira yetu. Mvua zikikoma, upepo wa kusi hushika nchi. Kuanzia Juni mpaka Agosti ni kipupwe. Mji wa Njombe uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila mtu apandapo meta 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Ndiyo sababu mtu wa Dar es Salaam hujifunika shuka moja usiku ule ule ambao sisi twajifunika mablanketi mawili. Usiku usio na mawingu joto la ardhi hupaa likatoweka, na alfajiri kipimo huweza kushuka mpaka nyuzi 5 za Sentigredi, na pengine chini yake. Kwa jirani zetu wa Makete na uwanda wa Kitulo, sakitu hulala juu ya majani kama chumvi iliyomwagwa.

Lakini liko jambo la pili ambalo wengi hawalihesabu, nalo ni jua. Mwezi Desemba jua hutuchomozea kiasi cha saa 12 na robo asubuhi. Mwezi Julai huchomoza karibu na saa 1 kamili. Tofauti ni kama dakika 40. Saa za vituo vyetu, hata hivyo, hazibadiliki mwaka mzima: mlango hufungwa saa 1 na nusu, na achelewaye hurudi na maziwa yake. Hivyo kijana anayezunguka kwa wanachama kuanzia saa 11 na nusu hufanya sehemu kubwa ya safari ya Desemba katika mapambazuko, bali safari ile ile ya Julai huifanya gizani, katika ukungu, na katika saa iliyo baridi kuliko zote za siku. Hakuna aliyekusudia kumtesa. Ratiba ilipangwa mara moja, ikasahauliwa.

Sasa tutazame baridi humfanyia nini mtu aliye juu ya pikipiki. Aliyesimama uani katika nyuzi 5 husikia nyuzi 5. Aendaye kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa hujitengenezea upepo wake mwenyewe, na upepo huo hulipokonya ngozi joto lake kwa kasi, hata mwili huona kana kwamba umewekwa katika baridi ya kiwango cha kugandisha maji. Akiwa amelowa kwa umande au manyunyu, huwa mbaya zaidi.

Mwili una hekima yake: ukiona hatari, huirudisha damu ndani ilinde moyo na mapafu, ukaviacha vidole. Hapo ndipo mwendeshaji anapodhurika, kwa maana vidole ndivyo vyenye breki ya mbele na klachi. Kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa, pikipiki hula meta 11 katika sekunde moja. Kwa kilometa 60, karibu meta 17. Kidole kilichokufa ganzi kikichelewa sekunde moja tu kukamata breki, meta hizo zimekwisha kupita, na ng'ombe aliyekuwa mbali barabarani sasa yu mbele ya gurudumu.

Tena baridi haiishii vidoleni. Mtu akitetemeka sana, kisha akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, au akasinzia, au akawa mzito wa kuamua, huyo amekwisha kudhurika, wala asiambiwe ajikaze. Na ashushwe, aondolewe nguo zilizolowa, afunikwe blanketi kavu, na akiwa na fahamu zake apewe chai ya moto yenye sukari. Asipopata nafuu, apelekwe zahanati.

Hapa sharti niseme wazi juu ya pombe. Wako wanaoamini kwamba kikombe cha komoni hutia joto. Ukweli ni kinyume. Pombe hufungua mishipa iliyo karibu na ngozi, damu yenye joto huja juu, mtu akaona raha. Lakini joto hilo hutoka nje likapotea, na kiini cha mwili kikapoa zaidi. Papo hapo macho na akili huwa vizito. Mnywaji hupata hasara mara mbili, na abiria wake hupata ya tatu.

Ama juu ya mavazi, sina haja ya kuwaambia vijana wanunue vitu vya gharama. Kinachotia joto ni hewa iliyotulia baina ya nguo na nguo. Nguo tatu nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine zafaa kuliko koti moja zito: ya ndani iwe kavu, ya kati iwe sweta, na ya juu iwe ile isiyopenya upepo, hata kama ni koti la mvua tu. Sweta nzuri za sufi zinazofumwa na mama zetu hapa hapa zina sifa njema, kwa maana sufi hubakiza joto hata ikilowa kidogo, wakati pamba iliyolowa huganda mwilini. Wengi huvaa koti kinyumenyume ili kuziba upepo kifuani. Nafahamu sababu yake, lakini koti la namna hiyo huvuta mabega na kuzuia mikono kugeuka upesi. Karatasi za magazeti zilizokunjwa kifuani chini ya koti hufanya kazi ile ile, nazo hazimfungi mtu.

Glavu ndizo za kwanza kununuliwa. Ziwe za kuzuia upepo, ziwe na nafasi ya kidole kucheza, na mtu azijaribu juu ya usukani kabla ya kulipa, aone kama aweza kushika breki barabara. Shingo ifunikwe, lakini ncha za skafu zichomekwe ndani ya koti. Vivyo hivyo akina mama wapandapo, ncha za kitenge na za mbeleko zikazwe, kwa kuwa nguo inayopepea hunaswa na mnyororo au na spoku. Mtoto aliye mgongoni hapati joto la kutembea kama mama alipatavyo anapokwenda kwa miguu; afunikwe kichwa na miguu, na safari iwe fupi.

Na kofia ngumu? Sheria huitaka, lakini nisingependa tuivae kwa kumwogopa askari. Tafiti zilizokusanywa pamoja kutoka nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa kiasi cha asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa kiasi cha asilimia 69. Hayo ni kwa kofia iliyofungwa kidevuni. Ile inayoning'inia kwenye usukani hailindi kitu ila usukani. Wakati wa kipupwe kioo chake huingia ukungu kwa pumzi. Kifunguliwe kidogo chini ili hewa ipite, na kifutwe kwa kitambaa kisafi kabla ya safari.

Nije kwenye chombo chenyewe. Mashine nayo huisikia baridi. Oili huwa nzito, na betri hupungukiwa nguvu, hata stata ikakataa kuzungusha injini. Hapo kiki ndiyo dawa. Choki ivutwe wakati wa kuwasha, na irudishwe injini ishikapo joto. Aiachaye wazi safari nzima huchoma petroli bure, hupaka plagi masizi, na petroli ya ziada huosha oili katika silinda. Dakika 1 au 2 za kungoja zatosha; baada ya hapo aende taratibu kwa kilometa ya kwanza, maana tairi na breki pia ni baridi.

Upepo wa tairi upimwe alfajiri, kabla ya safari. Hewa ikipoa hujikusanya, na tairi lililojazwa mchana wa jua kwa kipimo cha 28 laweza kuonyesha 26 au 25 asubuhi ya baridi, pasipo na tundu lolote. Tairi lililolegea juu ya barabara yenye umande hukata kona vibaya. Mnyororo utiwe oili na ukazwe kwa kiasi. Na taa zote zikaguliwe, hasa ya nyuma, kwa maana mwendeshaji haioni mwenyewe, nayo ndiyo imwokoayo asigongwe na lori.

Katika ukungu, taa kubwa haisaidii. Mwanga wake hurudishwa na matone ya maji ukawa ukuta mweupe mbele ya macho. Ishushwe taa, upunguzwe mwendo mpaka mtu aweze kusimama ndani ya umbali auonao, wala asifuate taa ya nyuma ya gari la mbele kwa karibu akidhani linamwongoza. Kizibao chenye mistari ing'aayo ni cha bei ndogo, nacho huonekana mbali. Juu ya udongo wetu mwekundu uliolowa, breki zikamatwe zote mbili polepole, pikipiki ikiwa imesimama wima, si katikati ya kona.

Mzigo pia una sheria yake. Lita 20 za maziwa zina uzito unaozidi kilo 20 kidogo. Madumu matatu yamezidi kilo 60 kabla hujahesabu madumu yenyewe. Dumu lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa, kwa kuwa maziwa huyumba ndani na kuivuta pikipiki huku na huku. Yajazwe, yafungwe chini na katikati, na mzigo ulingane pande zote mbili.

Jambo moja la nyumbani sitalipita. Kwa kuogopa wizi na baridi, wengine hulaza pikipiki chumbani na kuiwasha humo humo asubuhi ili ipate moto. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa huleta sumu hiyo hiyo. Pikipiki isukumwe nje kwanza, ndipo iwashwe. Na jiko lisilazwe na watu.

Bwana Mwenyekiti, hayo yote ni ya mwendeshaji. Lakini ningekuwa sijatimiza wajibu wangu kama ningemwachia yeye peke yake mzigo wote, kwa maana iko sehemu iliyo yetu.

Mwezi Julai mwaka jana, kijana mmoja wa kupeleka maziwa aliteleza darajani, kabla ya jua kuchomoza, akiwahi mlango wa kituo. Mguu wake ulivunjika. Nimefungua daftari la siku ile. Linaonyesha lita 60 zilizomwagika, na jina la kila mwanachama aliyekosa malipo. Mguu hauonekani popote, kwa kuwa daftari letu halina safu ya mguu. Kijana yule si mtumishi wetu kwa karatasi. Hulipwa kwa lita. Lakini maziwa aliyoyachukua yalikuwa yetu, na saa aliyokuwa akiikimbilia ilikuwa yetu pia.

Kwa hiyo naleta mbele yenu mashauri matatu.

La kwanza, kuanzia tarehe 1 Juni mpaka tarehe 31 Agosti, milango ya vituo ifungwe saa 2 na nusu badala ya saa 1 na nusu.

La pili, asubuhi ya ukungu mzito msimamizi wa kituo awe na ruhusa ya kungoja nusu saa zaidi, bila kumtoza mtu.

La tatu, Chama kinunue kwa pamoja glavu, makoti ya mvua na vizibao ving'aavyo, na kuvigawa kwa mkopo usio na faida, mwendeshaji akatwe kidogo kidogo kwa miezi 6.

Najua yapo majibu, nami nimeyasikia ofisini. Yasemwa kwamba maziwa yatachacha. Nawaomba wazee wafikiri pamoja nami. Vijidudu vinavyochachusha maziwa huzaana upesi katika joto, na polepole katika baridi. Baridi ile ile inayomtesa kijana huyalinda maziwa. Dumu likisimamishwa ndani ya maji baridi ya alfajiri ya Julai hupoa vizuri kuliko wakati wowote wa mwaka. Ikiwa maziwa yetu huvumilia saa hizo katika joto la Novemba, yatazivumilia katika kipupwe.

Yasemwa tena kwamba gari la kiwanda halitangoja. Gari hilo hufika saa 3 na nusu. Kwa ratiba ya sasa, maziwa hukaa kituoni muda wa saa mbili yakiingoja gari. Kwa ratiba mpya yatakaa saa moja, nayo yatosha kupima na kuandika. Tumemharakisha mtu ili maziwa yapumzike!

Na yasemwa kwamba ng'ombe wamezoea. Ni kweli, ng'ombe hupenda desturi. Basi saa ya kukamua isogezwe kidogo kidogo, dakika 10 kwa siku, kuanzia mwishoni mwa mwezi huu. Na ikiisha kusogezwa, ishikwe. Mama atakayekamua akiona chuchu za ng'ombe kwa mwanga wa mapambazuko atapata pia maziwa safi kuliko akamuaye kwa kibatari.

Juu ya fedha za glavu, wengine wameuliza kama hiyo ni kazi ya ushirika. Nitajibu kwa historia. Wale mafundi 28 wa Rochdale, nchini Uingereza, waliofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, usiku wa majira ya baridi kali ya kwao, hawakuanza kwa kiwanda wala kwa benki. Walianza kwa siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti na mishumaa: vitu vidogo ambavyo mtu mmoja maskini huuziwa ghali, na ambavyo watu wengi pamoja huvipata kwa bei ya haki. Hapa nchini kwetu, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda Chama chao Kikuu mwaka 1933 kwa wazo hilo hilo, la kutomwacha mkulima asimame peke yake mbele ya soko. Glavu jozi moja dukani ina bei yake. Jozi 100 kwa mkupuo zina bei nyingine. Ikiwa ushirika waweza kununua mbolea kwa pamoja ili kukilinda kiazi, hauwezi kushindwa kununua glavu ili kuilinda mikono inayokichukua kiazi hicho.

Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga kimoja ni cha kijana: avae, akague, apunguze mwendo, aache pombe. Kinga cha pili ni cha mwanachama: awe tayari na dumu lake lililojaa na kufungwa, asimweke mwendeshaji mlangoni akimsubiri, kisha amlaumu kwa kuchelewa. Kinga cha tatu ni cha Bodi: ibadilishe saa na itie sahihi. Kimoja kikikosekana, tutapuliza majivu.

Bwana Mwenyekiti, leo ni Mei, na mablanketi yameanza kutolewa masandukuni. Zimebaki wiki chache. Naomba mashauri haya matatu yapigiwe kura leo hii, kabla ya chakula cha sikukuu, ili barua za vituo zipelekwe kesho kutwa. Nami kwa upande wa ofisi nimekwisha kuongeza safu moja katika daftari jipya, ya kuandika ajali za njiani na hali ya aliyeumia. Natumaini kwamba mwakani, nitakapowasomea taarifa, nitaweza kuwaonyesha safu hiyo ikiwa tupu.

Ushirika wetu udumu, na barabara zetu ziwe salama.